Chupa Iliyolazwa kwenye Sanduku la Bati

3 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, umeshiba, na viatu havikubani. Sisi huku tunapumua. Dada yangu, mama yako, mguu umepona kiasi cha kuweza kunifuata hadi kwangu kunigombeza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Simu tumeiacha kando makusudi. Mimi nikiongea na simu napiga kelele, yeye akiongea anaweka spika, na kuna mambo ambayo mtu hapendi majirani wamsaidie kujibu.

Nimestaafu. Mwisho wa mwezi uliopita nilikisafisha kisu changu cha kukatia karatasi, nikakitia mafuta, nikakirudisha stoo. Tangu nikiwa na nywele nilikuwa pale kiwandani nikijalidi vitabu: vya sheria, vya hospitali, vya kilimo cha vitunguu. Vyote nimevishona mgongo, na vingi nimevisoma nikingoja gundi ikauke. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Ndiyo maana najua mambo mengi nusu nusu: kila kitabu nilikisoma mpaka gundi iliposhika, basi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bosi wetu, yule tunayemwita Miwani Mbili kwa kuwa anayo ya kusomea na ya kukasirikia, alinipa zawadi ya kuniaga. Walionitangulia walipewa saa ya ukutani au blanketi. Mimi nimepewa wiski. Ni ya Uskochi, na lebo inasema imekaa ndani ya pipa miaka ishirini na mitano. Nimepewa mimi, ambaye kiwanda kizima kinajua nakunywa chai, na hiyo chai ikiwa kali naiongeza maziwa.

Nilianza kwa kuchunguza ninachokijua. Boksi ni kadibodi nzito iliyovishwa kitambaa, na pembe zimekunjwa kwa mkono. Maandishi ya dhahabu yamepigwa chapa ya moto, si ile rangi ya kudanganyia. Aliyelipia karatasi hizi hakuwa bahili. Lakini nimejalidi vitabu vya ovyo kwa ngozi nzuri maisha yangu yote, kwa hiyo jalada halinibabaishi.

Nikaenda duka kubwa la mjini. Chupa kama hiyo inakaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli, kama mgonjwa wa kuambukiza. Nilipoona bei nilivua kofia. Muuzaji akaniuliza kama nataka kununua, nikamwambia hapana, nimekuja kutoa heshima.

Gundi unamkumbuka? Yule mwenzangu wa kuchemsha gundi, ambaye ulimi wake nao unanata. Alisema mbele ya watu wote: "Mzee, umewapa mgongo wako mzima, wao wamekupa kitu walichokosa pa kukitupa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa peke yako usiyecheka ndipo unapoonekana.

Bei nimeiona, mpwa wangu. Thamani ndiyo ninayokuuliza. Wewe uko hotelini, idara ya vinywaji, na ile picha yako ya kizibao cheusi mama yako ameitundika mahali ambapo hata mwizi lazima aione. Niambie kweli: maji yale yana thamani ya bei yake? Kama yanayo, basi yule mtu aliniheshimu. Kama ni ujanja tu wa kuwakamua wenye hela, basi alikaa nami miaka yote ile bila kuniona hata siku moja ninakunywa nini. Ndilo jambo ninalotaka kulijua. Mengine yote ni porojo.

Mjomba wako

*

26 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kumpelekea mkaza mjomba. Nisamehe kwa kuchelewa. Hoteli imefurika, kuna mkutano wa madaktari wa meno, na sijui kwa nini watu wanaoshughulika na vinywa vya wenzao wana fujo namna hii mezani. Mimi ni mzima. Hongera kwa kustaafu. Mwambie mama nakula vizuri na mgongo hauniumi tena. Kama sikuwahi kumwambia kwamba uliniuma, basi usimwambie chochote.

Mjomba, umenifurahisha sana kuniuliza. Nikujibu kitaalamu. Wiski ikilala ndani ya pipa la mti wa mwaloni, kila mwaka sehemu yake hupotea hewani, na wenyewe husema hilo ni fungu la malaika. Kwa hiyo hiyo miaka ishirini na mitano malaika wamekunywa, na kilichobaki ndicho ulichopewa wewe. Hapa kwetu kipimo kimoja cha umri huo huagizwa na wageni wasiosoma upande wa bei. Wanaipeleka puani kwanza, wanafumba macho, wanasema inanukia asali, ngozi, matunda makavu na moshi wa mbali. Halafu ndipo wanaonja, kidogo, kama mtu anayebusu mtoto aliyelala.

Thamani yake ipo, kila senti. Mtu hakupi kitu kama hicho bila kukufikiria. Mwambie Gundi, kwa maneno yangu haya, kwamba alichokicheka kingemnunulia pikipiki.

Sasa sikiliza jambo la maana kuliko yote, maana watu wengi huliharibu. Chupa ya heshima haisimamishwi. Inalazwa. Ilaze chali mahali penye giza, uiviringishe kwenye nguo nene ili isitikisike, na usiiguse guse. Hapa zote tunazilaza, safu kwa safu. Kinywaji kikigusa kizibo, kizibo hakikauki. Hiyo ni siri ya kazi, nakupa bure kwa kuwa ni mjomba wangu.

Bei za madukani usizijali. Wale hawajui kuhifadhi.

Mpwa wako,
Idara ya Vinywaji

*

15 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imefika na sasa imechakaa. Nimeisoma kwa mkaza mjomba wako, nimeisoma kwa mama yako, ambaye aliniomba nirudie pale penye mtoto aliyelala, na nimeenda nayo mpaka kiwandani. Gundi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Pikipiki mpya au ya mkononi?" Nikamwambia hilo mpwa hakulifafanua. Alinyamaza. Miaka yote niliyomfahamu, hiyo ni mara ya kwanza kumwona amefunga mdomo bila kuwa na chakula ndani.

Habari za huku ni za kawaida. Choo cha jirani kimejaa, na sote tumearifiwa na upepo.

Chupa imelala. Mkaza mjomba wako ameiweka kwenye lile sanduku la bati la chumbani, imeviringishwa vizuri, na kila asubuhi ananiuliza kama mgeni wangu ameamka. Mimi natembea nimenyooka. Usinicheke. Umri huu mtu hutafuta ushahidi mdogo tu kwamba alikuwapo.

Nimeamua jambo. Sitauza na sitaificha. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei nitamwalika Miwani Mbili nyumbani, na Gundi, na wale wawili wa mashine ya kuchapa, na mama yako. Nitaifungua mbele yao nimshukuru kama inavyotakiwa. Nami nitaonja, daktari hajakataza na mkaza mjomba wako ameruhusu kijiko kimoja. Ila mimi sijui kumimina kitu cha namna hiyo. Nataka uje umimine wewe, na kizibao chako. Nauli nitatuma. Mama yako tayari ameanza kuosha mapazia.

Mjomba wako

*

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kunifikia, au niseme mimi ndiye niliyechelewa kuijibu, yote yanafika palepale. Natumaini mko salama na choo cha jirani kimepata msaada.

Mjomba, nimeomba ruhusa kwa kila mlango. Hairuhusiwi. Mwezi wa Mei kuna harusi tatu, na harusi moja peke yake ni meza mia na kitu, kila meza na kitambaa chake, na vitambaa vya mikononi, na vifuniko vya viti. Yaani ni kazi kubwa upande wetu wote. Msimamizi amesema anayetoka asirudi. Nauli usitume.

Lakini kumimina si kazi ngumu, nitakuelekeza hapa na utakuwa kama umezaliwa kaunta. Bilauri iwe safi na isinuke sabuni. Ioshe kwa maji ya moto, isuuze mara mbili, uifute kwa kitambaa kisichoacha manyoya. Cha pamba kilichofuliwa mara nyingi ndicho kizuri, kipya hakifai. Mimina kidogo, kina cha vidole viwili vilivyolala. Barafu usiweke. Maji, matone tu. Wape muda wainuse. Usiongee wakati wananusa.

Mwambie mama nitakuja mwaka ukielekea kuisha. Mapazia hayatachafuka sana.

Mpwa wako,
Idara ya Vinywaji

*

12 Mei

Mpwa wangu,

Tuko wazima. Mama yako ni mzima, ingawa siku hizi haongei sana, jambo ambalo mtaa unalisherehekea kimyakimya. Mkaza mjomba wako anasalimia.

Ile shughuli ilifanyika. Nitakusimulia, kisha sitairudia tena kwa mdomo wala kwa kalamu.

Miwani Mbili alikuja na shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kiti chetu kile kizima. Gundi alikuja na njaa. Bilauri ziling'aa, niliziosha kama ulivyoandika. Nikasimama, nikatoa hotuba. Nilisema kwamba mtu hujua thamani yake kwa kile anachopewa akiwa hahitajiki tena. Niliipenda sentensi hiyo. Niliifanyia mazoezi bafuni.

Mkaza mjomba wako akaenda chumbani kufungua sanduku. Alikawia. Kisha harufu ikatangulia kufika kabla yake.

Nusu ya chupa ilikuwa imekwenda. Nilijaribu kuzungusha kizibo, kichwa chake kikabaki mkononi mwangu, na kilichobaki kikaporomoka ndani kama mkate mkavu. Mle ndani mkawa na makapi yanaelea. Halafu Gundi: "Leteni chujio la chai. Hatimaye mwenye nyumba atakunywa kitu anachokifahamu."

Nikachuja. Mpwa wangu, nilichuja ile wiski kwa chujio la chai mbele ya mtu aliyenipa, na majani ya asubuhi yalikuwa hayajatoka vizuri.

Miwani Mbili akaniuliza, "Ulikuwa unaiwekaje?"

Nikasema, "Imelala."

Alivua miwani aliyokuwa nayo akavaa ya pili. Nilisubiri ile ya hasira. Alikuwa amevaa ya kusomea. Akasema polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu, kwamba zinazolazwa ni za mvinyo. Hii ni kali, ikigusa kizibo inakila. Na sanduku la bati, chini ya paa la bati, kwa joto letu, kazi yake huwa ya haraka. "Nani alikuambia uilaze?"

Nilimtupia jicho mama yako. Alikuwa ameshavuta pumzi, kifua kimeshainuka, "Mwan..." Nikamuwahi. Nikasema, "Nilisoma kitabuni."

"Kitabu gani?"

"Kimoja nilichokijalidi. Gundi ilikauka kabla sijafika mwisho wa sura."

Wakacheka, hata yeye. Mama yako hakucheka. Aliishusha ile pumzi taratibu, akaanza kuangalia sakafu, na nadhani bado anaiangalia.

Basi nikamwuliza mzee, kwa kuwa nilikuwa sina tena cha kupoteza, kwa nini alinipa wiski mtu wa chai. Akasema chupa ile aliinunua mwaka alipokifungua kile kiwanda. Iliyokaa miaka ishirini na mitano kwenye pipa ikaja kusimama kwenye rafu ya ofisini kwake, nyuma ya kiti chake, akisema ataifungua siku kazi itakapomridhisha. Kila mwaka akiona bado. "Nilipokuaga," akasema, "sikujua nimpe nini mtu ambaye kila kitabu kilichotoka mlangoni kwangu kilipita mikononi mwake. Ningekupa nini, pakiti ya majani ya chai? Nikatoa nilichokuwa nakipenda mimi."

Kwa hiyo jibu la swali langu nimelipata. Nimelipata likichuruzika.

Aliinywa yote aliyomiminiwa, na makapi yake. Akaweka bilauri chini akasema, "Nzuri." Yule mtu alikuwa anarudisha kazi kwa sababu ya uzi mmoja uliolegea. Sijawahi kumsikia akikiita kizuri kitu kilichoharibika. Siku hiyo, sebuleni kwangu, alifanya hivyo. Nami nilikuwa na kijiko changu mkononi na sikuweza kumtazama usoni.

Mjomba wako

*

30 Juni

Mjomba,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi.

Nimesikitika. Lakini tusikimbilie kulaumu. Huenda kizibo kilikuwa na kasoro tangu kilipotengenezwa. Huenda mkaza mjomba alikuwa akilisogeza sanduku anapofagia. Na hali ya hewa ya huko mnaijua wenyewe. Kuna kulaza na kulaza, mjomba, na mimi sikujua kwamba sanduku ni la bati. Ningejua ningesema.

Nitawauliza wenzangu hapa kaunta watoe maoni yao.

Nimesikia kwa mama kwamba unakuja mjini kwa daktari wa macho. Usijisumbue kufika hotelini. Baa inafanyiwa ukarabati, ni vumbi tupu. Nikipata nafasi nitakutafuta kituoni.

Mpwa wako

*

24 Julai

Mpwa wangu,

Macho yangu yamepimwa. Daktari anasema ya mbali naona vizuri kupita kiasi, ya karibu ndiyo shida. Mama yako ni mzima. Ile picha bado imetundikwa. Nilimkuta ameipangusa.

Kituoni nilikusubiri kidogo, nikaona bora ninyooshe miguu. Miguu ikanileta kwenu. Hongereni kwa ukarabati kuisha mapema na bila kuacha alama.

Kuna mhudumu wa baa pale, kijana mwenye kizibao cheusi, kile kile hasa. Akaniuliza anipatie nini. Nikasema chai.

"Chai, mzee? Baa?"

"Kama ipo."

Akaniletea, na wala hakunicheka. Tukazungumza. Nikamwonyesha chupa ya juu kabisa kwenye rafu, ndugu ya ile yangu, imesimama wima kama askari. Nikamwuliza kama ina thamani ya bei yake. Akasema, "Mzee, inategemea nani analipa." Kisha akaangalia kushoto na kulia, akanisogezea bilauri ya mgeni aliyetoka kuondoka, imebaki unyevunyevu tu chini. "Nusa," akasema. "Kunusa hakulipiwi."

Nikanusa. Asali sikuiona. Matunda makavu, labda. Lakini ngozi ilikuwapo, na gundi ya moto, na karatasi ya zamani, na mbao ya meza iliyofanyiwa kazi mpaka ikalainika. Ilikuwa karakana yangu, mpwa wangu. Kumbe watu hufungua kabati lenye kufuli na kutoa mshahara wa miezi kwa ajili ya kunusa mahali nilipokuwa nikila maandazi. Basi hukumu yangu ni hiyo: ina thamani ya bei yake, na Miwani Mbili alijua alichokuwa anakiachia. Mimi ndiye niliyekimwaga.

Nikamwuliza habari zako. Nilimwambia uko idara ya vinywaji. Alifikiri kidogo, akanijibu kwa adabu kubwa, akanielekeza njia ya kuzungukia nyuma. Adabu yake iliniuma. Angecheka ningejua la kufanya.

Nyuma kule kuna dirisha la chini, liko usawa wa magoti, linatoa mvuke. Niliinama. Ndani nilimwona mtu mmoja amekunja mikono ya shati, anapiga pasi kitambaa cha meza kirefu kama barabara. Nilisimama pale nikamwangalia. Kukunja nakujua, nimekunja karatasi maisha yangu yote, na sijawahi kuona pembe zikikutana namna ile. Anapitisha pasi, anakunjua, anarudia upya, hataki hata mkunjo mmoja ubaki. Nikasema moyoni, huyu ana kazi yake. Sikumwita. Basi langu lilikuwa linaondoka.

Sasa nina shida ndogo, labda unamfahamu anayeweza kunisaidia. Mkaza mjomba wako aliiviringisha ile chupa kwenye koti la suti yangu, ile ya pekee. Sikutaja kwenye barua ile kwa kuwa mambo yalikuwa mengi. Sasa lina doa la rangi ya chai kuanzia begani hadi mfukoni, na linanuka kama mkutano wa madaktari wa meno. Ni sufu, kijivu, na bitana ya hariri bandia. Tumelianika tu. Binti wa dada yake mkaza mjomba wako anaolewa mwezi wa Septemba, na mimi ndiye wa kusimama upande wao. Lifanywe nini?

Mjomba wako

*

2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo kwa mkaza mjomba. Mama nimemwandikia barua yake, ataipata siku moja na hii. Nimemwambia aishushe picha. Kizibao kilikuwa cha mhudumu uliyezungumza naye. Kilikuja kwetu kufuliwa, nikakivaa kabla hakijarudi.

Koti msilifue kwa maji ya moto, na mkaza mjomba asilisugue. Sufu ikisuguliwa inashikana na doa halitoki tena. Msilianike juani. Doa la wiski likiwa bichi ni jepesi, likikaa linakuwa rangi kwa sababu ya ule mti wa pipa. Linatakiwa lipigwepigwe kwa maji baridi yenye siki kidogo, kwa kitambaa cheupe, kuanzia ukingoni kwenda katikati, halafu liachwe kivulini. Bitana itolewe kwanza, ifuliwe peke yake. Harufu hutoka kwa mvuke, si kwa sabuni, na pasi isiguse nguo, ipite juu yake tu. Mimi huwa natoa madoa hayo kila wiki. Wanamwaga wanaokunywa vya ghali na wanaokunywa vya rahisi, na kwenye kitambaa yote ni doa. Yale ya asali na moshi wa mbali niliyasoma kwenye kadi iliyosahauliwa mfukoni mwa suruali ya mgeni.

Kuhusu kulaza. Stoo ya chupa iko njiani kuelekea kwetu chini. Kila siku napita na toroli la vitambaa, mlango uko wazi, naziona zimelala. Nilidhani zote hulala. Ningeweza kumwuliza yule mhudumu, ni hatua chache tu. Sikumwuliza kwa kuwa angeshangaa mtu wa kufua anataka kujua ya nini. Hiyo ndiyo sababu, mjomba, sina nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Sanduku la bati nililijua. Nimelala chumba kimoja nalo hapo kwako utoto wangu wote.

Nitalifuata koti mwenyewe Jumapili ya wiki ijayo, msilitume kwa mtu. Kwa Miwani Mbili nitakwenda peke yangu, nimwambie kitabu ulichosoma kilikuwa mimi.

Lipo moja zaidi, na bila hilo barua hii itakuwa kama zile nyingine. Umeandika kwamba mtu yule dirishani alikuwa anarudia kupiga pasi kwa kuwa hakutaka mkunjo ubaki. Kitambaa kile kilinyooka mara ya kwanza. Nilikuona tangu viatu vyako viliposimama, navijua viatu vyako, halafu ukainama nikaona kofia. Nikakikunjua nikaanza upya. Nikakikunjua tena. Sikuinua kichwa. Nilikuwa nangoja uondoke.

Mpwa wako